Karavani

Tuliinunua Barka, nyuma ya ghala la matofali,
kwa rubani mmoja mstaafu aliyekuwa akirudi kwao.
Riali mia tisa. Hilali aliipiga ubavuni kwa kiganja
kama mtu anayechagua tikiti maji,
akasema, "Inalia vizuri."
Mimi nilisikia maji.

Tukaivuta mpaka Mabela, tukaiegesha kando ya nyumba,
ikaziba dirisha la mkwe wangu.
"Ndo nini hicho?" akauliza Bi Shinuna, kwa Kiunguja
ambacho miaka hamsini ya Maskati haijakikwangua.
"Nyumba haina msingi, gari haina injini.
Mmenunua makosa mawili kwa bei ya moja."

Nilianzia kona ya nyuma.
Bisibisi ilizama ukutani
kama kidole kwenye mkate wa kumimina.
Ubao ule niliutoa kwa kijiko. Kwa kijiko!
Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Rubani aliuziba ufa, kwa gundi, kwa utepe, kwa rangi nyeupe,
na ukuta nikaujenga mimi,
mwezi wa Juni, nyuzi arubaini na nane,
kivuli chenyewe kikitafuta pa kujificha.

Mchana spana haishikiki.
Tulifanya kazi baada ya isha,
Hilali na vinavyoonekana: pazia, zulia, rangi,
na lile tundu la hewa darini alilolisifia wiki nzima.
Mimi na nyaya.
Miaka kumi na moja niko shirika la umeme,
na nyumbani sijawahi kuulizwa habari ya fyuzi.
Nikang'oa viungo vilivyofungwa kwa plasta ya kidonda,
naapa, plasta ya kidonda,
nikalaza waya mpya, betri chini ya kitanda, sola juu ya paa.
Taa ya kwanza ilipowaka
Azzan akaizima, akaiwasha, akaizima,
mpaka bibi yake akagonga kioo kutoka upande wa pili:
"Mwamwita nani?"

Kesho yake akaja mwenyewe, na bakora yake.
Akabonyeza godoro. Akafungua kabati, akalifunga.
Akanusa.
"Na mie nalala wapi?"

Hatukuwa tumemhesabu.
Hilali akaipiga msumeno meza aliyoimaliza juzi,
akaitia bawaba, ikawa kitanda.

Oktoba tukaenda, tukiufuata mchanga wa Bidiya.
Tulipoipita Ibra, mlio.
Tairi zile zilikuwa na meno kama za dukani,
kila mgeni alizisifu,
ila hakuna aliyepiga goti kusoma tarakimu nne ubavuni:
wiki ya thelathini, mwaka
ambao mimi na Hilali tulikuwa hatujajuana.
Mpira huzeeka umesimama. Nami nilikagua kila kitu
isipokuwa kile kilichogusa ardhi.

Tairi ya akiba ilikuwa ndugu yao, pacha.
Mtu wa duka alisema asubuhi, inshallah.
Basi tukalala palepale, kwenye changarawe,
juu, mbali na wadi,
maana mawingu yalikuwa yamekaa kikao kwenye milima.

Ikanyesha saa nane za usiku.
Hakuna aliyesema kitu.
Watu wanne macho darini, kila mmoja
akiisikiliza kona yake.
Kona yangu, kavu. Nikapapasa tena: kavu.

Kisha, pa.
Tone moja, katikati ya paji la uso la Bi Shinuna.
Kutoka kwenye tundu la hewa.
Hilali akajifanya amelala.

Nilingoja aseme. Alijifuta kwa ncha ya mtandio,
akageukia ukuta.
"Haya," akasema. "Sasa imekuwa nyumba."

Nikatega finjani, nikazima taa.
Azzan akaiwasha.